Wajukuu wa Kukodi

Sogeeni. Aliye na kiti akae, asiye na kiti akunje miguu, na mwenye simu aizime, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Kimoja chepesi kwanza, cha kuwaamsha. Kwetu kuna nguo kubwa, kila siku inavaliwa, na mvaaji wake hajaonekana hata mara moja. Haya. Si shuka. Si pazia, mwanangu, pazia linavaliwa na nani? Mmeshindwa, nipeni mji. Huo sitaki, una vumbi. Huo nao sitaki, nilishapewa mwaka jana. Nipeni nchi nzima basi, nyie watu mna ubahili gani? Mnanipa Majigambo? Nimeipokea. Nimekwenda Majigambo, nimefika, nimekuta watu wamejaa kando ya ziwa wamekodoa macho, wanaitazama hiyohiyo nguo. Ni tanga la chombo, na mvaaji ni upepo.

Niliyoyakuta huko ndiyo haya. Siongezi wala sipunguzi, maana sisi tulioishia darasa la saba hatujui kupamba.

*

Jamhuri ya Majigambo ni nchi nzuri sana. Nasema hivyo kwa sababu imeandikwa kwenye bango la mpakani: UNAINGIA NCHI NZURI SANA. Nyuma ya bango, kwa anayetoka, wameandika: UTAJUTA.

Nchi nyingine zina wizara ya maji, wizara ya kilimo. Majigambo nazo wanazo, lakini zimewekwa kwenye jengo la uani. Jengo la mbele, lenye nguzo na zulia, ni la Wizara ya Fahari. Kila asubuhi, baada ya hali ya hewa, redio hutangaza hali ya fahari: "Leo fahari itakuwa ya juu nyanda za mashariki, ya wastani mjini kutokana na kukatika kwa umeme, na wananchi wa bondeni wanashauriwa kutoka na bendera."

Waziri wa Fahari aliitwa Mheshimiwa Daktari wa Heshima Ngurumo. Mtu mnene, mzuri, mwenye sauti ya kujaza mtungi. Huyu ndiye aliyeamua kwamba Majigambo lazima ichukue Kombe la Maji Makuu, yale mashindano ambamo mataifa hupambana kwa mashua za matanga, na anayeshinda hupewa kikombe kisichonywewa chai.

Wakaagiza mashua. Kiunzi kilitoka nchi moja, mlingoti nchi nyingine, matanga nchi ya tatu. Ubavuni iliandikwa FAHARI YA TAIFA, na mwandishi wa hayo maneno aliletwa kwa ndege pamoja na rangi yake. Mimi niliizunguka mashua ile nikitafuta kitu cha Majigambo. Nikakuta viwili: kata ya kuchotea maji yakiingia, na mabaharia.

Mabaharia walikuwa saba, watoto wa palepale, na usukani ulishikwa na binti mmoja anaitwa Mkejina. Wenzake walimwita Shingo, kwa sababu upepo ukitaka kugeuka yeye huusikia shingoni kabla tanga halijajua. Hufumba jicho moja, huinamisha kichwa kama mtu anayeambiwa umbea, kisha husema, "Haya, unakuja," na kweli unakuja. Mashindano madogo ya majirani alishayashinda yote. Alichobakiza ni lile kombe kubwa tu. Alilitaka kombe lile jinsi mtoto anavyoutaka ukoko, mpaka usingizini mikono yake ilikuwa inazungusha usukani.

Mkejina alilelewa na bibi yake, Bi Kidawa. Wazazi walikwenda kutafuta maisha, wakayapata, wakabaki nayo hukohuko. Bi Kidawa alimwita mjukuu wake "mke mwenzangu," kama tunavyofanya sisi mabibi, na mjukuu akimchokoza alimwambia, "Wewe kikongwe, mume ananipenda mimi." Wakicheka, paa lilitikisika.

*

Sasa hapa mnisikilize vizuri, maana Majigambo wana mila ambayo sijaikuta kwingine.

Kule kila nyumba ina kitendawili chake. Kitendawili chenyewe si siri, hata jirani anaweza kukitega. Siri ni jibu. Mtoto akikua, bibi yake humkalisha magotini, humnong'oneza jibu la nyumba, na tangu siku hiyo yeye ni mtu. Akienda kuoa, akienda kuomba kiwanja, akienda hospitali, afisa humtegea kitendawili cha kwao naye humnong'oneza afisa jibu. Akijua, ni mwenyeji. Asipojua, ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa chini ya ofisi hiyo.

Kitendawili cha nyumba ya Bi Kidawa kilikuwa hiki: kwetu yupo asiyekula, na sahani yake haikosi.

Watu wa nje walijibu paka aliyekufa, wakajibu mzimu, wakajibu mwenyekiti wa mtaa. Jibu lilikuwa Babu Pandu. Mumewe Bi Kidawa alitoka kwenda ziwani na ndugu yake katika chombo kimoja, na hakurudi hata mmoja. Hakuna kilichoelea. Bi Kidawa hakutandika mkeka wa msiba. Kila anapopakua, hupakua na sahani ya Pandu, huiweka mahali pake, husubiri watu wamalize, ndipo chakula kile hupewa Mkejina. "Kula cha mumeo," humwambia, "ndiyo maana mkono wako wa usukani umejaa."

Na kutokana na misiba ya namna hiyo, Majigambo wakawa na mwiko: nyumba moja, mtu mmoja, chombo kimoja. Wawili wa nyumba moja hawapandi pamoja, ziwa lisije likafunga mlango wa watu kwa siku moja. Shikeni hilo. Ndilo litakalotutoa machozi.

*

Siku moja Mheshimiwa Ngurumo aliamka na wazo. Aliwaita wakubwa wenzake akawaambia, "Ndugu zangu, fahari ya taifa ni kitu kizito mno. Haiwezi kuachwa mikononi mwa wananchi."

Wakapiga makofi. Hata aliyekuwa amesinzia alipiga.

Wakaenda soko la dunia kutafuta mabaharia waliozoea kushinda. Wakawapata saba. Mkubwa wao, wa usukani, aliitwa Torvald, mtu mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemka. Alikwishakuwa mzalendo wa nchi nne kabla ya hapo, na zote alizipenda kwa mkataba.

Lakini sheria ya kombe ilikuwa moja: mabaharia wawe wenyeji wa nchi wanayoishindania. Na sheria ya Majigambo juu ya mwenyeji ni nani, mmeshaijua. Ikabidi watafutwe mabibi.

Basi msafara ukaenda kwa Bi Kidawa adhuhuri, akiwa anapakua. Ngoma mbele, waziri katikati, mgeni nyuma, na afisa mmoja wa Idara ya Wajukuu, Bwana Machano, kabeba kiroba cha mchele na redio mpya.

"Hodi, Bibi wa Taifa!" waziri akanguruma.

"Karibuni. Mbona mmejaa hivi, kuna msiba?"

"Kuna fahari, bibi."

"Basi kaeni, nayo itafutiwe mkeka."

Wakakaa. Yule mgeni alikuwa na njaa ya safari, akanyoosha mkono kwenye sahani iliyokuwa peke yake pembeni. Bi Kidawa akamchapa kofi la mkono, pa! "Hiyo ina mwenyewe."

Mgeni akatabasamu, akaangalia mkono wake.

"Bibi," waziri akaanza, akiishusha sauti kama anayebembeleza ng'ombe, "huyu unayemwona ni mwalimu. Mwalimu wa dunia nzima. Tumemleta amfundishe Mkejina wetu mbinu za kulitwaa kombe. Tatizo ni dogo, dogo kama punje. Watu wa kombe hawamruhusu kukanyaga mashua mpaka awe mwenyeji. Anahitaji bibi tu."

"Bibi wa kufanya nini?"

"Wa kumnong'oneza."

Bi Kidawa akaweka mwiko chini. "Akishanong'onezwa si atakuwa wa nyumba hii? Na Mkejina ni wa nyumba hii. Watapandaje chombo kimoja? Mwiko mnauacha wapi?"

"Tumeufuta!" waziri akasema. "Majigambo ya leo si ya jana. Machano, si tumeufuta?"

"Umefutwa, bibi," Bwana Machano akajibu, akiutazama ukuta. "Nilikuwapo ukifutwa."

"Atamfundisha kweli mjukuu wangu? Hatamchukulia kitu?"

"Amchukulie nini, bibi? Yeye ni wa kusimama nyuma yake tu, kumwambia kushoto, kulia."

"Niapie."

Mheshimiwa Ngurumo alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kuapia. Hakuona Kitabu wala kaburi. Akauweka mkono wake wenye pete juu ya ukingo wa sahani ya Babu Pandu, akaapa kwa sauti mpaka kuku wakatoka uani: Mkejina ndiye atakayeshika usukani siku ya kombe.

Bi Kidawa alimfikiria yule binti anayezungusha mikono usingizini. Kisha akamwita mgeni: "Haya njoo, mume wangu wa pili. Mbona mwekundu hivi, walikusahau jikoni?" Mgeni akapiga magoti, urefu wake ukakunjika mara mbili, na Bi Kidawa akamnong'oneza jibu. Akampa na jina hilohilo, Pandu, ili asisahau.

Mgeni akaomba kalamu. Akaandika kwenye kiganja.

"Anafanya nini?" Bi Kidawa akauliza.

"Anaweka moyoni, bibi," Bwana Machano akasema. "Kwao moyo uko hapo."

*

Siku ya Wajukuu Wapya uwanja ulijaa. Mabibi saba walipangwa jukwaani na khanga za wizara, zimeandikwa: DAMU HAICHAGUI, WIZARA HUCHAGUA. Wale mabaharia wa zamani walipangwa chini, kila mmoja na bendera ya kushikilia. Mkejina alikuwa wa kwanza kwenye mstari, anacheka, anampungia bibi yake. Alikwishaambiwa na Bi Kidawa habari ya mwalimu, lakini si habari ya kunong'ona. Bibi alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Wakamwita Torvald. Kipaza sauti kikatega: "Kwetu yupo asiyekula, na sahani yake haikosi!"

Mkejina akaacha kucheka.

Torvald akafungua kiganja, akasoma, akainama kwenye sikio la Bwana Machano. Bwana Machano akatikisa kichwa juu chini. "Ni mtu wa nyumba ya Bi Kidawa! Pandu, mwenyeji!" Fataki zikalipuka. Bibi mmoja alizimia, wakasema ni fahari, kumbe ni jua.

Wakapita wote saba, viganja saba. Ndipo waziri akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Kuna watu wanasema sisi tunadharau mila." Hakuna aliyekuwa amesema. "Leo tunawaziba midomo! Natangaza Sheria ya Kulinda Mila. Ule mwiko wetu mtukufu, nyumba moja, mtu mmoja, chombo kimoja, uliokuwa umepumzishwa kwa matengenezo, unarudi kazini kuanzia sasa hivi!"

Shangwe. Watu wa Majigambo wanaupenda mwiko wao.

"Na je, nyumba ikiwa na mabaharia wawili, apande nani? Wataalamu wetu wamechunguza. Jibu la kitendawili huchakaa. Aliyelisema utotoni, limeshachuja. Aliyelisema leo, lake ni bichi. Apande mwenye jibu bichi!"

Bi Kidawa alisimama. Alitaka kusema neno, lakini bendi ya polisi ilikuwa imeanza wimbo wa taifa, na kule ukisema katikati ya wimbo wa taifa unahesabiwa umeimba.

Wale saba wa zamani hawakutupwa, msije mkafikiri ni nchi ya watu wabaya. Walipewa cheo: Mabaharia wa Nchi Kavu. Kazi yao ilikuwa kusimama gatini na kupunga mkono mashua ikitoka. Wakafundishwa kupunga. Wawili walifeli.

*

Mkejina alirudi nyumbani bado ana bendera mkononi. Bi Kidawa alikuwa amepakua.

"Kula kwanza, mke mwenzangu."

"Bibi, ulimwambia?"

"Walisema ni mwalimu. Atasimama nyuma yako."

"Nakuuliza, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Mkejina akakaa chini, akaiangalia sahani ya babu yake. "Jibu letu mimi nimelibeba tangu sina meno ya mbele. Shuleni walinipiga ili niliseme, sikulisema. Nikapewa pipi, nikala pipi, sikulisema. Leo nimemwona mtu anamsoma babu yangu kwenye kiganja, bibi. Kwa wino. Pembeni kaandika na namba ya simu."

"Waziri aliapa. Aliweka mkono hapa, kwenye sahani hii."

"Na wewe ukamwamini waziri?"

"Nilikuwa nakutakia ushinde, mwanangu."

"Najua," Mkejina akasema. "Ungefanya kwa kunichukia, nisingeumia hivi."

Bi Kidawa alimsogezea chakula. Mkejina hakukigusa. Akaikunja ile bendera vizuri, kama shuka la mgonjwa, akaiweka juu ya redio mpya, akatoka. Asubuhi watu wa gatini walimwona anapanda feri ya kwenda Ng'ambo, nchi ya upande wa pili wa ziwa. Wale sita wenzake walikuwa kwenye zamu ya kupunga, wakampungia. Ndiyo kazi pekee ya maana waliyoifanya na cheo kile.

Kule Ng'ambo hawana vitendawili. Wao wana mhogo wao mchungu. Ukiweza kuula mbele ya wazee bila kukunja uso, wewe ni wao. Mkejina aliula wote. Wakastaajabu, wakamwuliza amewezaje. Akasema, "Nimekula kichungu kuliko hiki." Wakampa jina jipya, Riziki, na usukani, na wimbo wa taifa ambao akiuimba anachezesha midomo tu.

*

Siku ya Kombe Bi Kidawa aliiwasha ile redio. Majirani wakajaa uani.

Fahari ya Taifa ilitoka gatini imependeza mno. Waziri alikuwa ameiongezea vitu vya heshima: kinanda cha wimbo wa taifa, viti vya ujumbe wa wizara watu wanne na mwavuli wao, na pale mbele kabisa, sanamu yake mwenyewe ya jiwe, imeshika kiuno. Kwa uzito wa sanamu ile mashua iliinamisha pua kama mbuzi anayekunywa maji. Mabaharia wale saba, kila mmoja alitoka nchi yake, na lugha waliyoshirikiana ilikuwa moja tu, maneno ya wimbo wa taifa waliyokaririshwa. Torvald akitaka tanga lishushwe, ilimbidi aimbe ubeti wa pili.

"Anaongoza Pandu!" mtangazaji alipiga kelele. "Pandu wetu, mwana wa ardhi hii, aliyenyonya maziwa ya Majigambo! Nyuma yake kuna Ng'ambo, na usukani wao kashika mgeni fulani, mwanamke, anaitwa Riziki, hata sijui wamemwokota wapi!"

"Mgeni mwenyewe, mpumbavu wewe," Bi Kidawa akaiambia redio.

Kisha mtangazaji akasema yule mgeni amefumba jicho moja. Akasema ameinamisha kichwa, sijui anasali.

Kule uani Bi Kidawa alijishika shingo yake mwenyewe. "Haya," akasema taratibu, "unakuja."

Upepo ukageuka. Ng'ambo wakaugeukia kama mtu aliyeitwa jina lake. Fahari ya Taifa ikabaki inaimba ubeti wa pili, matanga yanapigana makofi, sanamu inakunywa maji. Mkejina akawapita. Alipita karibu kabisa, mtangazaji akasema, karibu kiasi cha kuombana chumvi, wala hakuwatazama.

Majirani walishindwa wafanye nini. Mmoja alianza kushangilia, akakumbuka ni kosa, akamalizia kwa kukohoa.

*

Mwingine angefikiri mambo yameishia hapo. Lakini Mheshimiwa Ngurumo hakuwa mtu wa kushindwa mahali penye vipaza sauti. Aliteremka gatini mbio, jasho linamtoka, akawaita waandishi wa dunia nzima.

"Ndugu walimwengu! Majigambo imeshinda!" akanguruma. "Huyu mnayemwita Riziki ni Mkejina wetu, damu yetu, mjukuu wa Bi Kidawa! Mtu hawezi kuacha kuwa wa kwao kwa kula mhogo! Aliyeshika usukani ni mwenyeji wa Majigambo, kwa hiyo kombe ni la Majigambo. Na kwa kuwa hata aliyeshindwa ni wetu, tumeshika nafasi ya kwanza na ya pili!"

Wakubwa wa kombe wakakuna vichwa. Wakasema, thibitisha.

"Kwa kitendawili!" waziri akasema. "Machano, sogea hapa."

Mkejina alikuwa anateremka, maji yanamchuruzika. Waziri akamwekea kipaza sauti mdomoni, akajichekesha kama baba. "Binti yangu. Usiogope. Kwetu yupo asiyekula, na sahani yake haikosi. Ni nani?"

Kule uani, Bi Kidawa akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho.

Yalisikika maji tu, na mtu mmoja wa Ng'ambo akiuliza mwenzake wanasemaje.

"Sijui, mzee," Mkejina akasema.

"Unajua! Sema, mama, sema, taifa linakusikiliza."

"Sijui. Mimi si wa nyumba hiyo. Muulizeni Pandu."

Kamera zote zikageuka. Torvald akafungua kiganja chake. Akakigeuza. Akafungua na kile kingine. Ziwa lilikuwa limekiosha kiganja, hakikubaki na wino wala namba ya simu. Akamtazama waziri, akamtazama Bwana Machano, akasema kwa unyonge, na hilo ndilo neno la mwisho la Majigambo alilowahi kulitamka:

"Paka?"

Redio ikakatika. Ukapigwa muziki wa dansi, ukapigwa, ukapigwa, kisha ikatangazwa kwamba fahari itakuwa ya juu nchi nzima isipokuwa karibu na maji.

*

Baadaye Bwana Machano alikuja kwa Bi Kidawa, safari hii peke yake, hana ngoma wala kiroba. Kombe lilikwishakwenda Ng'ambo. Torvald naye alikwishaondoka kuipenda nchi ya sita. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, Bi Kidawa anapakua.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimetumwa. Kwa rekodi za wizara, nyumba hii sasa haina mjukuu hata mmoja aliyethibitika. Waziri anasema kama utamwita Mkejina, akaja, ukamnong'oneza upya, mambo yatasahaulika."

Bi Kidawa aliweka sahani moja mahali pa Babu Pandu. Akaweka ya kwake. Kisha akaitoa nyingine kabatini, yenye ua jekundu, sahani ya mtoto, akaipangusa kwa upindo wa khanga, akapakua wali, akaweka na ukoko juu. Akaiweka upande unaoelekea ziwa.

"Hii ya tatu ya nani, bibi?"

"Kwetu yupo asiyekula, na sahani yake haikosi."

"Babu Pandu," Bwana Machano akasema haraka. Sikio lake lilikwishanong'onezwa mara nyingi.

"Huyo ni wa zamani. Jibu lake limechakaa, si mlisema wenyewe? Jibu bichi."

Bwana Machano aliitazama ile sahani, akalitazama lile ua. Naamini alijua. Lakini yeye ni afisa, na afisa wa kule akijua jambo ni lazima aliandike, na hili hakutaka kuliandika.

"Nimeshindwa, bibi."

"Nipe mji."

"Nakupa mji mkuu."

"Siutaki. Una waziri."

"Nakupa bandari yote."

"Siitaki."

"Nakupa nyanda za mashariki, na bonde, na... bibi, basi chukua Majigambo nzima, nakupa mimi Machano."

"Sina pa kuiweka," akasema Bi Kidawa. "Nipe Ng'ambo."

Bwana Machano akatazama chini. "Ng'ambo si yetu, bibi. Hiyo siwezi kuitoa."

"Basi ondoka, wali unapoa."

Akaondoka. Bi Kidawa akakaa kati ya sahani zake tatu, akanawa mikono, na kabla hajamega tonge la kwanza akasema, "Kula, mke mwenzangu," akasubiri kidogo, kama wanavyosubiri wenye adabu, mpaka wote waliokaa nao wamalize.